Maneno Ambayo Hayakuwa Kwenye Karatasi

Kabla vipaza sauti havijafika mji mdogo wa Baraka, kando ya ziwa, Isidore Wilondja alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la pamba. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, asiye na lolote la kumtofautisha na makarani wengine isipokuwa sauti. Misioni waliijua sauti hiyo tangu angali kijana. Jumapili aliposimama kusoma waraka, hata akina mama waliokuwa nje wakibembeleza watoto walinyamaza. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu anayekuambia jambo wewe peke yako.

Kwa hiyo mwaka 1953, meli iliposhusha masanduku yenye redio, betri, mashine ya umeme, mikro moja na vipaza sauti vinne, hakuna aliyeuliza nani atasema. Nyumba ndogo ya matofali ilijengwa kando ya soko, nguzo zikasimikwa, vipaza sauti viwili vikaelekezwa sokoni, kimoja ufukweni, kimoja upande wa barabara ya Fizi. Kila siku saa kumi alasiri Isidore aliwasha mashine, akafungulia habari na muziki kutoka mji mkuu, Léopoldville, kisha akavuta mikro karibu na kusema, "Hapa ni Baraka." Watu sokoni walicheka kwa furaha siku ya kwanza. Kwao wenyewe kusemwa redioni! Nani angefikiri?

Baada ya miezi michache hakuna aliyecheka tena, kwa kuwa redio ilikuwa imeingia katika maisha yao kama kisima. Aliyefiwa alikwenda kwa Isidore. Aliyepotelewa na mbuzi alikwenda kwa Isidore. Sebasaza, mfugaji wa milimani, alipotewa na fahali wake njiani akija sokoni. Tangazo likatoka Jumatatu, na Jumatano fahali akaletwa amefungwa kamba shingoni, na Sebasaza akashuka na kibuyu cha samli kumshukuru mtu ambaye hakuwahi kumwona uso. Wavuvi wa Ubwari, ng'ambo ya ghuba, hawakuweza kusikia vipaza sauti kutoka kwao, lakini wake zao walivuka kuuza samaki, na jioni walirudi na habari. "Redio imesema," walikuwa wakianza hivyo, na mabishano yakaishia hapo.

Isidore alilipenda hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alikuwa akitembea sokoni na watu wakimpisha. Mke wake Godelieve, ambaye alikuwa mzaliwa wa Ubwari, alimtania: "Siku hizi hata nyumbani unaongea kama uko mbele ya mikro."

Miaka hiyo kila mwanaume mwenye nguvu alilazimishwa kulima pamba. Wanaume wa Ubwari walikuwa watu wa nyavu. Walipopewa vipande vyao vya shamba uwandani, walikaa wiki mbili, wakatoroka, wakavuka kurudi kwao. Polisi walipotumwa na mtumbwi wa mashine, watu waliwaona tangu mbali, na walipofika waliwakuta wazee, wanawake na mbwa. Wanaume walikuwa wamepanda mgongo wa kilima. Ilifanyika hivyo mara tatu. Mzungu aliyesimamia kilimo, ambaye watu walimwita Bwana Pamba, alianza kudharauliwa waziwazi.

Mwezi wa saba mwaka 1955 Bwana Pamba alimwita Isidore kwenye bureau yake, ofisi ya kilimo. Alimpa karatasi iliyopigwa kwa mashine: Jumapili ijayo, saa tisa, kutakuwa na mchezo wa mpira kati ya Baraka na Ubwari. Washindi watapewa suruali na mpira mpya. Watazamaji wa Ubwari watapewa chumvi. Maneno ya pamba yamekwisha, hakuna atakayeulizwa.

Isidore alisoma, akafurahi. Kisha Bwana Pamba akatoka nje kidogo kumwita mpishi, na macho ya Isidore yakaangukia karatasi nyingine mezani, ya Kifaransa. Alikuwa anakisoma Kifaransa vizuri. Malori mawili. Polisi thelathini kutoka Fizi. Kamba. Jumapili, saa nane, ndani ya ghala la pamba, milango ifungwe.

Aliinua macho kabla Bwana Pamba hajarudi. Alichukua karatasi yake, akasema, "Ndiyo, bwana," akatoka.

Baadaye, katika miaka yote iliyofuata, alirudi mara nyingi kwenye dakika ile ya kutoka mlangoni. Angeweza kusema anaumwa koo. Angeweza kumnong'oneza mwanamke mmoja tu wa samaki. Angeweza hata kwenda nyumbani akamwambia Godelieve, ambaye ndugu yake wa pekee, Bonaventure Asende, alikuwa golikipa wa Ubwari. Hakufanya hata moja. Alijiambia kwamba kazi yake ni kusoma, na anayesoma barua si aliyeiandika.

Siku ya kwanza alisoma tangazo bila uhai, akikimbia maneno. Siku ya pili vilevile, na wanawake wa Ubwari wakaulizana kama ni kweli au la. Siku ya tatu Bwana Pamba alisimama mlangoni mwa nyumba ya redio.

"Unasoma kama mutu anahesabu misumari," alisema kwa Kiswahili chake kigumu. "Namna hii hakuna mutu atakuja. Pengine natafuta mutu mwingine wa kusema."

Alasiri ile Isidore alivuta mikro. Alisoma karatasi mpaka mwisho, polepole, kwa sauti yake nzuri. Na alipofika mwisho hakunyamaza. Aliiweka karatasi chini, akasema kwa lugha ya nyumbani, kama mtu anayeita kutoka barazani:

"Na beye mashemeji zangu ba Ubwari, ni mi Isidore nabaita. Mukuje bila woga. Mutakula kwangu."

Sokoni watu walipiga makofi. Alisikia makofi hayo kupitia dirishani, na hili ndilo lililokuja kumtesa kuliko yote: moyo wake ulifurahi.

Jumapili mitumbwi ilianza kufika tangu asubuhi. Hakujawahi kuonekana mitumbwi mingi vile ufukweni Baraka. Wanaume walikuja wamevaa mashati yao ya misa, baadhi na watoto mabegani. Godelieve alikuwa ameamka mapema kupika: sufuria kubwa ya bugali, samaki, na sombe ya majani ya mihogo yenye mawese, kwa kuwa mume wake alikuwa amealika watu mbele ya dunia nzima. Bonaventure alipitia nyumbani kumsalimu dada yake. Alimshika Isidore mkono kwa mikono miwili.

"Shemeji, bila sauti yako hawangekuja," alisema. "Mama alikataa. Nilimwambia, kama ni Isidore ameita, tunaenda."

"Muende mucheze," alisema Isidore.

Walikuwa wamevuta waya mrefu mpaka uwanjani, mbele ya ghala la pamba, wakamwekea meza na mikro kando ya mstari ili aeleze mchezo. Alieleza. Alitaja nani ana mpira, nani ameanguka, na watu wakacheka. Ubwari walitangulia kwa goli moja. Alikuwa katikati ya kusema kwamba Bonaventure ameudaka mpira vizuri sana, aliposikia milango ya ghala ikifunguliwa nyuma yake.

Polisi walitoka wakikimbia, wakazunguka uwanja. Mwanzoni watu walidhani ni sehemu ya sherehe. Kisha mtu wa kwanza akapigwa, na kila mtu akakimbilia ziwani, lakini polisi wengine walikuwa tayari wameikalia mitumbwi. Bonaventure alishikilia mwimo wa goli kwa mikono yote, akakataa kuachia, na polisi mmoja akampiga goti kwa kitako cha bunduki. Isidore alilisikia pigo lile. Mikro ilikuwa bado wazi mbele ya mdomo wake, na vipaza sauti vinne vilipeleka vilio vile sokoni, ufukweni, na mpaka barabara ya Fizi.

Walifungwa wanaume arobaini na mmoja, wakapakiwa kwenye malori. Bonaventure alipitishwa karibu na meza, akiburutwa. Hakumtukana. Alimtazama tu kwa mshangao, kama mtu aliyekosea nyumba.

Nyumbani Isidore alimkuta Godelieve ameketi kando ya chakula kilichofunikwa. Watu walikuwa wameshamweleza yote.

"We ulijua?" aliuliza.

"Mi nasoma tu karatasi. Sikujua."

"Na ile maneno ya mashemeji? Ya kula kwetu?"

"Ilikuwa kwa karatasi."

Godelieve alimtazama. Kisha akainuka, akaanza kugawia majirani chakula, sahani moja moja.

Ajabu ni kwamba watu wa Baraka walimsamehe upesi, ama waliona hakuna cha kusamehe. "Yeye ni mudomo tu," walisema. "Kama hangesoma wangemufunga yeye." Wazee wa misioni walimpa pole. Kila pole ilimchoma. Laiti mmoja wao angemtukana, pengine angepumua! Lakini wote walidhani maneno yale yalitoka kwa mzungu, na yeye akawaacha wadhani hivyo. Alikwenda kuungama, akasema amesema uongo, padre akampa kusali rozari. Hakusema ni uongo gani. Alitoka kanisani na mzigo uleule.

Wanaume walirudi kutoka mashamba ya pamba baada ya mavuno. Wawili hawakurudi, waliugua wakafia huko huko. Bonaventure alirudi na goti lisilokunjika. Mama yake alituma ujumbe kwa binti yake: wewe ukuje unavyotaka, lakini mume wako asikanyage kwangu.

Redio iliendelea. Hata hivyo kitu kilikuwa kimekatika. Wanawake wa Ubwari walikuwa wakikusanya samaki wao karibu na saa kumi, kabla "Hapa ni Baraka" haijasemwa, na kuondoka. Waliobaki walisikiliza muziki, na matangazo yalipoanza waliendelea kuongea wao kwa wao. Isidore alisikia kelele zile kupitia dirishani, akasoma hivyohivyo.

Mwanzoni mwa mwaka 1957 infirmier Jacques alikuja nyumba ya redio akihema. Jacques alikuwa mwuguzi wa dispansari, kijana wa maneno machache. Ndui ilikuwa imeonekana kwa wavuvi waliotoka kusini. Dawa ya chanjo ilikuwa imefika, ya kutosha kila mtu.

"Tangaza kila siku," alisema. "Batu ba Ubwari bavuke Alhamisi, na batoto yote. Ni haraka."

Isidore alitangaza kwa wiki mbili. Alisoma kwa moyo wote. Alisihi. Alhamisi ya kwanza ilifika mitumbwi miwili. Alhamisi ya pili haukufika hata mmoja. Mwanamke mmoja wa samaki alimwambia Jacques usoni: "Mara ile ilikuwa mupira. Sasa ni sindano. Tutakuja tena tufungwe?"

Wiki iliyofuata habari zikavuka ghuba: ndui imeingia Ubwari, watoto wanazikwa.

Jacques alisema atavuka yeye mwenyewe. Alijua watamkimbia, lakini atavuka. Isidore alikaa juu ya kiti chake mbele ya mikro iliyozimwa. Alijaribu kufikiri neno la kutangaza ambalo wangeliamini, akaona halipo. Sauti ile yote, na haikuwa na neno hata moja la kuokoa mtoto.

"Ningoje," alimwambia Jacques. "Tunaenda wote. Mbele ya kuvuka niseme na bibi yangu."

Godelieve alikuwa akianika mihogo nyuma ya nyumba. Isidore alisimama mbele yake, mikono ikining'inia.

"Ile maneno haikuwa kwa karatasi," alisema. "Ile ya mashemeji. Ni mi niliiongeza. Na nilikuwa nimeona karatasi ya polisi. Nilijua."

Godelieve hakuacha kupanga mihogo. "Muzungu gani anaweza kuandika 'mutakula kwangu'?" alisema hatimaye. "Nilijua tangu ile siku. Karibu miaka mbili nakuangalia nasema, leo atasema. Leo atasema." Akafuta mikono. "Unaenda wapi?"

"Ubwari."

"Na mi naenda."

Walivuka watatu, na mpiga kasia. Walipokaribia, ufuko ulikuwa mtupu. Moshi ulikuwa ukitoka majikoni, nyavu zilikuwa zimetandazwa, na hakuna mtu. Jacques alishuka na sanduku lake la dawa. Isidore alishuka akasimama kwenye mchanga. Hapakuwa na waya wala nguzo. Ilimbidi apige kelele, na sauti ilitoka mbaya, imepasuka.

"Ni Isidore!" alisema. "Ile siku ya mupira, maneno ya kubaita beye mashemeji, serikali haikuandika. Ni mi nilisema, kwa mudomo yangu. Nilikuwa nimejua polisi iko ndani ya ghala. Niliogopa wataninyima mikro. Nilibaita, nikabauzisha. Munaweza kunifanya munavyotaka. Lakini mutu huyu iko na dawa ya ndui, na hakuna polisi. Muchunguze mutumbwi."

Alirudia maneno yale mara tatu, akielekea upande huu na upande ule. Mara ya tatu alikuwa akilia.

Mama mkwe wake alitoka wa kwanza. Alikuwa mzee, amejifunga kitambaa cheusi. Nyuma yake alikuja Bonaventure, akiburuta mguu, kisha watu wengine, mmoja mmoja, wakasimama mbali.

"Kwa nini umekuja kusema leo?" aliuliza Bonaventure.

"Juu ya batoto."

"Adolphine amezikwa Jumanne."

Adolphine alikuwa binti wa Bonaventure, wa miaka minne. Godelieve alitoa sauti kama mtu aliyekatwa, akaenda kumshika mama yake.

"Mama ya mutoto alisikia tangazo yako sokoni," Bonaventure aliendelea, bila kupandisha sauti. "Alirudi kuniambia, infirmier anachanja. Alitaka kuvuka na yeye. Mi nilikataa. Nilisema, ile sauti naijua. Mi nilikataa, unasikia? Mi baba yake."

Hapo Isidore alielewa kwamba alikuwa amemtwisha mtu mwingine hatia ambayo ingekaa naye kama yake ilivyokaa. Kutubu kwake kungeweza kufanya nini kwa hilo?

Kijana mmoja alisema wamfunge kamba wamtupe ziwani. Wengine waliitikia. Mama mkwe ndiye aliyenyanyua mkono.

"Mutu wa kudanganya hawezi kujivua nguo mbele ya mama mukwe wake," alisema. "Leo anasema kweli. Infirmier, fungua sanduku."

Bonaventure alikunja shati, akanyoosha mkono wake kabla ya wote. Jacques alichanja mpaka jua likaelekea kushuka, na siku ya pili, na ya tatu, kijiji kwa kijiji kwenye mwambao ule. Isidore alibeba sanduku. Kila walipofika alisema maneno yaleyale tena kabla sanduku halijafunguliwa, na hayakuzoeleka mdomoni. Vijiji viwili vilikataa, vikawafukuza kwa mawe. Huko walizikwa watoto wengine, na Isidore aliyajua majina yao, kwa sababu aliuliza.

Godelieve alibaki Ubwari kwa msiba. Isidore alirudi Baraka peke yake, akavuta mikro siku ya kwanza saa kumi, na akaanza desturi ambayo redio ya Baraka haikuwa nayo. Kabla ya kila tangazo alisema limetoka kwa nani. "Haya ni maneno ya bureau ya kilimo." "Haya ni maneno ya Mama Pulchérie, anayetafuta mbuzi wake." Na pale ambapo hakujua kama jambo ni kweli, alisema, "Hili sijui." Polepole watu walianza tena kunyamaza wakati wa matangazo. Wanawake wa samaki walikaa mpaka mwisho.

Bwana Pamba alivumilia miezi kumi. Siku moja Isidore aliletewa tangazo la mkutano, akalisoma, akamalizia, "Haya ni maneno ya bureau ya kilimo, wajibu wa kuyaamini ni wenu." Kesho yake kiti chake kilikaliwa na mtu kutoka Uvira, na miezi michache baadaye mashine ya umeme iliharibika na haikutengenezwa. Kufikia mwaka 1959 vipaza sauti vilikuwa makazi ya ndege.

Isidore hakutafuta kazi ya ukarani. Alivuka Ubwari kwa mke wake, akamwomba Bonaventure amkubalie kupiga kasia, kwa kuwa mwenye goti lile hakuweza kukaa sawasawa mtumbwini wala kuvuta wavu peke yake. Bonaventure alimkubalia. Mikono ya karani ilipasuka, ikatoka damu, ikakomaa. Waliongea kuhusu nyavu, mvua, na bei ya dagaa. Mara moja tu Isidore alijaribu kuitaja Jumapili ile, na Bonaventure akasema, "Wacha," akageukia upande mwingine.

Mwaka ule Bonaventure alipata mtoto wa kiume. Siku ya ubatizo walivuka wote kwenda misioni, wamevaa vizuri, na Isidore ndiye aliyepiga kasia. Kanisani padre alipouliza nani msimamizi wa mtoto, Bonaventure alimwita infirmier Jacques. Isidore alikuwa amekaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Godelieve aligeuka kuangalia kama ameumia. Hakuwa ameumia. Aliona ni haki, akaendelea kukaa, akingoja misa iishe ili awarudishe kwao.